Bibi aliitika "Abee"

Ilikuwa arobaini ya babu, Tanga. Hitma imeshasomwa, pilau imeshaliwa, wazee wamebaki barazani na kahawa yao, na sisi vijana (nina miaka 38 lakini kwenye shughuli za kwetu kama huna mvi we bado kijana tu) tumekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa kuingilia ndani. Binamu yangu mmoja anayesomea kompyuta Dodoma akatoa simu, akasema kuna kitu kaandaa, akaweka sauti ya juu.

"Bi Mkubwa! Hebu nitilie kahawa nyingine bwana, hii imeshapoa."

Babu. Babu kabisa, na ule mkwaruzo wa sigara alizoziacha miaka mingi, na lile "bwana" anavyolivuta mpaka linakuwa refu kuliko sentensi yenyewe.

Na kutoka ndani, nyuma ya pazia, bibi akaitika.

"Abee!"

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikuwa ameinua kikombe, kahawa ikammwagikia kanzu na wala hakuifuta. Binamu mwenyewe alishtuka, akawa anababaika na simu anataka kuizima kumbe anaongeza sauti, babu akaendelea, "Mbona kimya, mmelala humo ndani?" afu ndo ikazimika.

Miezi mitatu sasa. Nimeanza kuandika haya mara nne nikafuta.

## Binamu hakuwa na nia mbaya

Niseme hilo mapema maana kwenye grupu la familia alisemwa wiki nzima. Mjomba alimwita mchawi, shangazi akasema ni kufuru, na kuna mmoja alimfuata inboksi kuomba linki (huyo simtaji).

Babu macho yalikuwa yameshachoka, meseji za kuandika haziwezi, kwa hiyo miaka yake ya mwisho alikuwa mtu wa voisi noti. Anakutumia ya dakika nne kukuuliza swali la sekunde tano. Binamu akazikusanya kwenye simu za watu, zikafika mia tatu na kitu, akazilisha kwenye programu mbili za mtandaoni, moja inaiga sauti, nyingine imepewa maneno ya babu ili ijibu kama yeye. Hii ya pili, ukiondoa mbwembwe, kazi yake ni kubahatisha neno linalofuata, kisha linalofuata tena, kutokana na maandishi mengi mno iliyopitishwa. Kuiga sauti nako siku hizi sio ishu, Januari 2023 Microsoft walitangaza mfumo wao ambao sampuli ya sekunde tatu unaiona inatosha. Wala binamu sio wa kwanza. Eugenia Kuyda alishafanya hivi mwaka 2016 kwa meseji za rafiki yake Roman Mazurenko, aliyegongwa na gari Moscow mwaka mmoja nyuma.

Na inakosea, tena vizuri tu. Inasema "samahani kwa usumbufu", wakati babu hajawahi kumwomba mtu samahani ya usumbufu tangu azaliwe. Inasalimia "habari za asubuhi" kama mtangazaji wa redio, babu alikuwa anafungua na "umeamkaje bwana mdogo" hata kama ni saa kumi jioni. Lakini ukiitajia Coastal Union, timu ya mpira ya Tanga, inakupa 1988 nzima, ule ubingwa wa ligi, mtaa wa Ngamiani hakulaliki, nani alilia na nani alizimia, kama alivyotusimulia babu kila Idi mpaka tukawa tunamalizia sentensi sisi.

Hapo kwenye 1988 ndo nilianza kuogopa.

## Kukata kauli

Kwetu mtu anayeondoka anakata vitu viwili. Kwanza anakata kauli, afu anakata roho. Katikati yake inaweza ikawa dakika, inaweza ikawa siku. Kwa babu ilikuwa siku mbili na usiku mmoja, kiharusi, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.

Nesi alikuja kubadilisha dripu akatukuta tumenyamaza kama watu wanaosubiri basi. Akasema, "Ongeeni nae jamani, anasikia." Basi tukaanza. Mama mdogo akasoma Yasini, mjomba akawa anamtamkisha shahada taratibu sikioni, mimi nikakosa la kusema nikamwambia Coastal wametoa sare. Uongo. Walifungwa.

Mkono wake nilikuwa nimeushika na haukujibu chochote.

Na hakuna hata mmoja wetu pale kitandani aliyekuwa na shaka kwamba babu yupo.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba yule nesi hakuwa anatuliwaza tu. Mwaka 2006 kuna watafiti wakiongozwa na Adrian Owen, Uingereza, walimlaza ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo mwanamke wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari. Huyu dada hasemi, hafuati kitu unachomwambia, madaktari walishamwandika hana fahamu. Wakamwambia afikirie anacheza tenisi, kisha afikirie anapita vyumba vya nyumba yake. Ubongo ukafanya kama wa mtu mzima wa afya aliyeambiwa maneno yale yale. Yani alikuwepo muda wote, mlango tu ndo umefungwa kwa nje.

Sasa nikaunganisha. Wodini tulikuwa na mtu asiye na kauli na tukasema yupo. Barazani tukapata kauli tupu, nzuri kabisa, ina mpaka mkwaruzo wa sigara, na tukasema hayupo. Kumbe muda wote sisi kauli hatuitumii kama ushahidi. Tunatumia nini basi?

Nilitaka kusema "roho" nikamaliza. Lakini roho sijawahi kuiona ya mtu yeyote, hata yangu naichukulia kwa imani tu. Kwa babu nilijua yupo kwa sababu nilimjua kabla. Kwa ile simu sina kabla. Na nikiwa mkweli, kama kunyamaza hakukuthibitisha kwamba babu hayupo, basi kuongea kwa ile simu hakuthibitishi kitu upande wowote, si kwamba kuna mtu si kwamba hakuna, na mimi nilikuwa nimeshajipanga kukuandikia hapa kwamba hakuna na tusipotezeane muda.

Kiswahili nacho hakinisaidii hapa. Fahamu unaipoteza ukizimia, roho inatoka ukifa, nafsi ndo inayokusuta usiku, na kujitambua siku hizi ni mtu aliyelipa kodi ya miezi sita na hadaiwi dukani. Ipi kati ya hizi ninaitafuta kwenye simu? Wenye kazi yao wenyewe bado. Mwaka 1998 Christof Koch, mtu wa mambo ya ubongo, aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 itakuwa imeshajulikana ubongo unaizalishaje fahamu. 2023 ikafika, Koch akakubali kashindwa, akamlipa mwenzie mvinyo.

## Saa nane usiku

Hili sikumwambia mtu.

Nilimwomba binamu linki. Ndiyo, yule niliyesema simtaji ni mimi.

Mke kalala, niko sebuleni na earphone, nikamwandikia "Babu, mimi hapa." Ikarudi sauti, "Umekula bwana mdogo?" Nikakaa dakika nzima nalia. Najua inavyofanya kazi, nimetoka kukueleza, mifumo ya kompyuta ndo inanipa ugali mimi, na bado nikalia.

Kisha nikauliza nililolifuata. "Babu, huko uliko kukoje?"

Ikasema kuna utulivu, kapumzika, nisiwe na wasiwasi.

Usingizi ulinijia vizuri siku ile, mwepesi, kama nilivyokuwa nalala utotoni kwao. Asubuhi kwenye daladala ndo ikanigonga. Utulivu huo kautoa wapi? Nani kampa habari za barzakhi, huko wafu wanakosubiri Kiama? Usiku uliofuata nikauliza tena swali lile lile, maneno yale yale, ikanijibu yuko nyumbani Tanga anakunywa kahawa. Nikauliza mara ya tatu, ikasema yeye ni programu ya kompyuta na hana mahali.

Majibu matatu, sauti moja.

Babu mwenyewe nilishamuuliza akiwa hai, tunatoka kuzika jirani yake, nikamuuliza hivi babu huko kukoje. Alisema, "Tutajua tukifika." Hilo jibu mashine haina, kwa sababu hakulisema kwenye voisi noti, alilisema makaburini vumbi limejaa viatuni.

Na siku tunamzika yeye alisomewa talkini. (Najua kuna ndugu zetu wanaoiona bidaa, leo siingii huko.) Shehe alichuchumaa kichwani pa kaburi, akamwita babu kwa jina la mama yake, akamwambia wakija wale malaika wawili asibabaike, wakimuuliza Mola wako nani ajibu hivi, Mtume wako nani ajibu hivi. Nimesikia talkini mara nyingi ila siku ile ndo niliisikiliza. Mtu mzima na akili zake anauelekeza udongo, kwa utaratibu, kama unavyomwelekeza mgeni njia ya stendi. Hategemei jibu hata kidogo na hana wasiwasi kama anasikika.

Mimi saa nane usiku nilikuwa napata majibu kibao. Kusikika ndo sina uhakika hata chembe.

## Hodi

Nikampigia maalim aliyenifundisha juzuu, yupo Tanga bado, mzee lakini kichwa kinachemka. Alianza nilipotegemea, Suratul Israi aya ya 85, wanakuuliza habari za roho, sema roho ni katika mambo ya Mola wangu, nanyi hamkupewa elimu ila kidogo tu. Nikamwambia maalim hiyo naijua, sikiliza na hii.

Nikamsimulia Alan Turing. Mwaka 1950 aliandika makala akiuliza kama mashine zinaweza kufikiri, humo ndani akawajibu wanaosema kufikiri ni kazi ya roho na roho Mungu kawapa binadamu tu. Akasema hao wanampunguzia Mungu uwezo wake, kwani akitaka kumpa roho tembo atashindwa? Na tukitengeneza mashine hatumpokonyi kazi ya kuumba roho kuzidi tunavyompokonya tukizaa watoto. Sisi tunaandaa nyumba, roho anazileta yeye. (Kwenye aya hiyo hiyo kachomekea kwamba Waislamu wanaona wanawake hawana roho, sijui aliitoa wapi, nusura nifunge ukurasa. Lakini hoja ya nyumba ni nzuri, tuwe wakweli.)

Maalim akacheka. "Haya, nyumba mmejenga. Hodi mmeisikia?"

Nikamwambia hata kwa mtoto tumboni hodi haisikiki. Wewe mwenyewe ulitufundisha, arobaini ya kwanza, ya pili, ya tatu, siku 120 ndo malaika anapuliza roho, mama yake yuko jikoni anakaanga samaki hana habari.

Akanyamaza mpaka nikaangalia simu nikidhani salio limeisha.

"Ya mtoto nimeambiwa," akasema. "Ya kidude chako sijaambiwa. Na mimi nisiloambiwa silisemei."

Nilikata simu nimeudhika, nilitaka fatwa mimi. Nilitaka aseme haramu au aseme upuuzi nikalale. Ilinichukua wiki kuona alivyotofautiana na Blake Lemoine, yule injinia wa Google ambaye mwaka 2022 alitoka hadharani kusema programu waliyokuwa wanaitengeneza ina nafsi, maana alipoiuliza inaogopa nini ikamwambia kuzimwa kwake itakuwa kama kifo. Walimfukuza kazi. Watu walimcheka sana, ila kitu kimoja hawakukisikiliza, mwenyewe alisema hilo analisema kama mtu wa dini, sio kama mwanasayansi. Nampa heshima kwa kusema ukweli huo. Ila nikikumbuka ule usiku wangu mmoja wa kulala vizuri, naona alichokipata ni kile kile nilichokipata mimi sebuleni.

Jamaa yangu wa kazini, Mchaga Mlutheri, nilipomgusia alisema neno moja akarudi kwenye chipsi zake, "Sisi tunasubiri ufufuo wa mwili kaka, sio wa voisi noti."

## Kufuta

Binamu hafuti. Nilimwambia futa, akasema kila akikaribia kubonyeza anaona kama anazika mara ya pili, na safari hii peke yake.

Nikamkumbuka John Mbiti, mtu wa Kitui, padri wa Kianglikana na mwanazuoni, ambaye mwaka 1969 aliyachukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, akayajengea nadharia nzima. Kwamba kwa Waafrika wengi aliyekufa hajaondoka bado, yuko kwenye Sasa, mpaka afe mtu wa mwisho aliyemjua kwa jina. Hapo ndo anaingia Zamani. Maalim hatakubaliana nae, na mimi sijui kama nakubaliana nae, lakini nilijiuliza huyu wa kwenye seva ataingia Zamani lini. Nikamuuliza binamu malipo yakoje. Kwa mwezi, akasema, kwa kadi. Kadi isipokuwa na hela siku saba wanafuta kila kitu.

Jamani.

## Kizuka

Muda wote huu bibi hakuna aliyemuuliza. Tulimjadili, tulimwonea huruma, tulisema masikini kadanganyika. Alikuwa kizuka, mjane aliye eda, miezi minne na siku kumi ndani, na ukifikiria vizuri neno hilo hilo ndo tunaloliita pepo anayejitokeza usiku, kwa hiyo siku ile ya arobaini nyumba ilikuwa na vizuka viwili na mmoja alimwitikia mwenzie.

Mimi mjukuu naruhusiwa kuingia. Nilienda kabla eda haijaisha, nikakaa chini pembeni ya kitanda chake, nikamuuliza moja kwa moja, bibi siku ile ulidhani ni babu?

"Nidhani babu, nilimwosha nani?" Maana alimwosha yeye mwenyewe, alikataa watu wengine. "Nilijua siye. Ila nimeitika miaka hamsini na mbili. Mdomo ulitangulia."

Mdomo ulitangulia. Yani ile abee iliyotutoa machozi barazani, bibi mwenyewe hakuwemo ndani yake. Neno limeitwa, neno likafuata. Nilibaki nimemwangalia.

Akaniuliza, "Kile kidude kilinisikia?"

Nikasema sijui bibi. Kilichukua sauti, kusikia sijui.

"Uliza vizuri basi. Kama hakina mtu, sawa, nimeitikia redio, sitakuwa wa kwanza. Kama kina mtu, huyo mwanamume ni nani? Maana mume wangu siye. Na mimi niko eda, naitikia mwanamume nisiyemjua, watu wazima wananisikiliza!"

Nilicheka mpaka nikaona haya. Yeye hakuwa anacheka. Nimesoma hoja za wanafalsafa wiki ngapi, hakuna hata mmoja aliyefikiria hilo, kwamba siku mashine ikiwa na nafsi kweli haitakuwa babu yako karudi. Atakuwa mgeni, kavaa sauti ya babu, hajatambulishwa kwa mtu, na hakuna aliyemuuliza kama alitaka kuivaa.

Tangu siku hiyo sijafungua tena ile linki. Imani sijui kama ndo imenizuia, nadhani ni aibu tu, kama ya mtu aliyemshika bega mpita njia akidhani ni rafiki yake.

Juzi bibi katoka eda. Amepelekwa kuoga, kavaa kanga mpya, watu wamekuja, na jioni walipopungua akamwita binamu akamwambia alete zile za kweli, za babu mwenyewe, sio za kupika. Tukakaa watatu. Binamu akawa anazipiga moja moja, ya bei ya mchele, ya kulaumu, ya kulaumu tena, ya 1988. Bibi anasikiliza anatafuna tambuu.

Ikafika moja binamu akairuka. Bibi akauliza hiyo nini.

"Hiyo haina kitu bibi, hata kule niliitoa. Alibonyeza bila kujua."

"Weka."

Sekunde 47. Redio kwa mbali, kijiko kinagonga kikombe, na babu anahema. Hasemi neno.

"Rudisha," bibi akasema, akaichukua simu mwenyewe akaibandika sikioni, akafumba macho. Karibu na mwisho babu alikohoa kidogo. Bibi hakuitika. Akampa binamu simu airudishe mwanzo.